Taa za pikipiki ya zamani zikififia, zikipepesa au zikiungua ovyo: pima masi kabla ya kununua ampuli

Fundi wa Katindo (mwenye uzi)

Wandugu wa Goma, Bukavu na kokote mliko, jambo.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya pikipiki za zamani: zile za Kijapani za cc 100 na 125 ambazo miradi na parokia zilituachia, pamoja na TVS na Boxer ambazo zimeshakula miaka yao. Injini bado nzima, kiki moja inawaka, lakini taa ni shida tupu. Mwenye nayo anazunguka mtaa wa Birere akinunua ampuli, anabadilisha, inawaka siku mbili tatu, mambo yanarudi palepale. Na kwetu saa 12 jioni giza linaanza kuingia, mwaka mzima. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, inashuka kutoka Kibumba imejaa viazi bila taa hata moja, na ni wewe unayetakiwa kuiona mapema. Naomba tulichukulie jambo hili kwa uzito.

Msimamo wangu: pikipiki nyingi ninazoletewa kwa ugonjwa wa taa, ampuli haina kosa lolote. Umeme unafika vizuri, unashindwa kurudi.

Umeme unatoka kwenye betri kwa waya, unapita kwenye ampuli, halafu ni lazima urudi kwenye kichwa hasi cha betri. Kwenye pikipiki njia ya kurudi mara nyingi ni chuma chenyewe: fremu, foku, madigadi. Hiyo ndiyo masi. Sasa fikiria taa ya mbele ya pikipiki ya miaka thelathini. Umeme wake unarudi kupitia gamba la taa, boliti zenye kutu, foku, kisha beringi za usukani zilizojaa grisi, ndipo ufike kwenye fremu. Fremu yenyewe imepakwa rangi mara kadhaa, na kila fundi alifunga boliti juu ya rangi. Ongeza mtikisiko wa barabara za mawe ya lava, ongeza mvua. Moshi wa volkano ya Nyiragongo una gesi ya salfa, na mvua inayopita humo inashuka na asidi. Mabati ya nyumba yanaoza, seuze kijiwaya cha shaba kilichoachwa wazi.

Kabla ya kushika bisibisi, soma dalili. Pikipiki inasema yenyewe.

Ukiwasha taa ya kona (indiketa) na taa ya nyuma ikapepesa pamoja nayo, masi ya nyuma imekufa. Ukikanyaga breki na kitaa cha dashibodi kikawaka kidogo ilhali hujawasha taa, ni ugonjwa huohuo. Ampuli ya nyuma ina nyuzi mbili ndani, ya 21W kwa breki na ya 5W kwa taa ya kawaida, na nyuzi hizo zinatumia masi moja. Masi ikikatika, umeme wa breki unapita kwenye uzi wa 21W, unakosa pa kurudi, unaingia kinyumenyume kwenye uzi wa 5W na kwenda kutafuta njia kwenye dashibodi. Hapo kubadilisha ampuli ni kutupa pesa. Madigadi za plastiki ndizo mbaya zaidi, kwa sababu plastiki haipitishi umeme: kama kijiwaya chake cha masi kimeng'oka, hakuna njia nyingine.

Taa kubwa ikizimika ukikata usukani upande mmoja na kurudi ukinyoosha, nyaya zimekatika shingoni, pale fungu la nyaya linapojikunja. Usihangaike kwingine.

Taa kubwa ikiwa hafifu injini inapopumua polepole, kisha ikang'aa ukikaza mkono wa mafuta, tulia kwanza. Pikipiki nyingi za zamani zimezaliwa hivyo. Taa yake kubwa inalishwa moja kwa moja na koili ya magineto (jenereta ndogo inayozungushwa na injini) kwa umeme wa AC, haipitii betri. Kujua ni rahisi: zima injini, fungua ufunguo, washa taa. Honi ikilia, breki ikawaka, lakini taa kubwa ikakataa mpaka upige kiki, hiyo ni ya magineto. Kumbukeni tofauti hii, nitairudia huko chini kwa sababu inabadilisha kila kitu.

Sasa kupima. Watu wengi wanang'oa ampuli, wanachomeka multimita (kipima umeme) kwenye soketi, wanaona 12.4, wanasema "umeme upo". Kipimo hicho kinadanganya. Multimita haivuti umeme wowote wa maana. Waya uliobaki na unywele mmoja tu wa shaba utakuonyesha volti zote, kisha ukirudisha ampuli na kuwasha, zinaanguka mpaka 7. Pima taa ikiwa inawaka, ampuli ikiwa mahali pake.

Hivi: multimita kwenye volti DC, alama ya 20. Washa taa. Ncha moja iguse kichwa hasi cha betri, chenyewe, usiguse boliti ya fremu. Ncha nyingine iguse chuma cha soketi ya ampuli. Masi ikiwa nzima utasoma 0.1 au 0.2. Ukisoma 0.5 au zaidi, masi ni mgonjwa, na ukisoma volti nzima au mbili umeshampata mwizi. Baada ya hapo fanya upande wa pili: ncha moja kichwa chanya, nyingine kwenye mguu wa ampuli unaoingiza umeme. Hapo unapima swichi ya ufunguo, swichi ya taa na viungo vyote kwa mpigo mmoja. Ukikuta kubwa, sogeza ncha kiungo kwa kiungo kurudi betri. Pale namba inaporuka ndipo penye ugonjwa. (Hii ni kwa taa za betri. Ya magineto inataka alama ya AC.)

Kwenye pikipiki za 6V usicheze kabisa na jambo hili. Ampuli ya 35W kwenye 12V inavuta karibu ampea 3. Kwenye 6V inavuta karibu 6. Umeme mkubwa hivyo ukipita kwenye kiungo kibovu, unapoteza volti nyingi zaidi, na volti zenyewe ni chache tangu mwanzo. Tena mwanga hauanguki sawasawa na volti, unaanguka haraka zaidi. Ampuli ya 6V ikipata 5, inatoa kama nusu ya mwanga wake. Ndiyo maana watu wanasema "6V haioni". Inaona, ikipewa haki yake.

Dawa yangu ya masi ni ileile miaka yote. Siitegemei fremu. Natoa waya mpya wa milimita 1.5 kutoka kichwa hasi cha betri, mmoja unakwenda ndani ya taa ya mbele, mwingine taa ya nyuma, kila mmoja unafungwa kwenye chuma cha soketi. Pale ambapo lazima kugusa fremu, nasugua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, nafunga kwa washa yenye meno, napaka grisi juu ya kiungo baada ya kukaza. Viungo vya nyaya navilehemu kwa risasi na kuvivisha mrija. Skochi (utepe wa kufungia) peke yake, kwa mvua ya kwetu, inashika maji ndani na kuozesha.

Fungueni gamba la taa ya mbele mjionee wenyewe. Mule ndani kuna fungu la viungo vya kuchomeka, na kwenye pikipiki isiyoguswa siku nyingi utakuta unga wa kijani mdomoni mwa kila kimoja. Chomoa kimoja kimoja, piga msasa laini dume na jike, bana jike kidogo kwa koleo ili ishike, rudisha. Mara nyingi nusu ya ugonjwa inaishia hapo.

Nakaribisha maswali. Mwenye kuuliza aseme: ni 6V au 12V, taa kubwa ni ya betri au ya magineto, na amepima nini.

Motari wa Kadutu

Papa fundi, jambo sana na aksanti. Mimi niko Bukavu. Moto (pikipiki) yangu iko inaunguza ampuli kila mara, ya mbele na ya nyuma pamoja, hasa nikipanda mlima mkono umekazwa. Ni 12V, taa ya mbele inawaka hata injini imezimwa. Betri inanuka na maji yake yanapungua haraka. Niliambiwa ampuli za siku hizi ni mbovu. Njo hivyo kweli?

Fundi wa Katindo (mwenye uzi)

Karibu ndugu yangu. Ampuli mbovu zipo, lakini ya mbele na ya nyuma zikifa pamoja, tena mkono ukiwa umekazwa, hilo ni jambo la volti kuzidi. Ampuli haina uvumilivu: ukiizidishia volti kwa asilimia 5 tu, maisha yake yanakatika karibu nusu. Na betri inayonuka na kunywa maji inakwambia kitu kilekile.

Weka multimita kwenye vichwa vya betri. Injini imezimwa na betri imepumzika: nzima inasoma 12.6 mpaka 12.8. Washa, kaza mkono kwa kasi ya kawaida ya barabarani: inatakiwa kati ya 13.8 na 14.5. Ikipita 15, regulata, kifaa cha kuzuia volti zisizidi, haizuii tena. Ikibaki 12 na kitu bila kupanda, basi hakuna chaji, twende kwenye magineto.

Lakini nakuomba, hata ukikuta 16, usikimbilie kununua regulata. Regulata nayo inahitaji masi. Inapima volti kwa kulinganisha na masi, na umeme unaozidi inaumwaga kwenye masi. Waya wake wa masi ukioza, au mwili wake ukifungwa juu ya rangi, inakuwa kipofu. Pima kati ya mwili wa regulata (na waya wake wa masi kama upo) na kichwa hasi cha betri, injini ikiwaka. Kisha kagua fyuzi iliyo kati ya regulata na betri. Fyuzi hiyo ikikatika, au betri ikiwa imekufa kabisa na watu wanaendelea kupiga kiki tu, hakuna kitu cha kutuliza umeme wa magineto. Taa zinacheza na injini na ampuli zinaungua. Nawaona wengi hapa Goma wanaotembea na betri iliyokufa kwa sababu "kiki inawaka". Ampuli wanazonunua zingeshalipa betri mpya.

Mekanisie wa commune ya Kenya, Lubumbashi

Bakubwa, salamu kutoka Katanga. Naongeza jambo la rangi za nyaya, maana nimeona fungu la nyaya lililochomwa kwa sababu hiyo.

Kwenye Honda za zamani waya wa kijani ndio masi, na mweusi ndio wenye moto (umeme) baada ya kufungua ufunguo. Kwenye Yamaha mweusi ndio masi, na kahawia ndio wenye moto baada ya ufunguo. Mtu aliyezoea moja akishika nyingine, anaunga mweusi kwa mweusi, anafungua ufunguo, moshi unatoka. Kahawia kwa Honda ni taa ya nyuma, basi ona hatari yake. Nyekundu kwa zote mbili unatoka betri. Pikipiki nyingi za Kichina zilizonakili CG125 zinafuata rangi za Honda.

Ila pikipiki iliyopita mikononi mwa mafundi wengi, usiamini rangi. Amini kipimo.

Fundi wa Katindo (mwenye uzi)

Aksanti sana mkubwa, hilo lilistahili kuwa mwanzoni mwa uzi.

Muuguzi wa Kibati

Papa fundi, habari ya kazi. Natumia pikipiki ya zamani ya kituo cha afya, 12V. Nikiwasha taa ya kona ya kulia fyuzi inakatika palepale. Ya kushoto inafanya kazi. Kijana aliyeitazama aliweka karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi na sasa "haikatiki". Naogopa kuipanda.

Fundi wa Katindo (mwenye uzi)

Dada yangu, unaogopa kwa haki. Toa karatasi hiyo leo kabla hujawasha kitu. Fyuzi ya ampea 10 au 15 imewekwa ili ife yenyewe na nyaya zipone. Karatasi haifi; litakaloungua ni fungu zima la nyaya, nalo linapita chini ya tangi la esansi.

Mwambie huyo kijana afanye hivi, haitagharimu fyuzi nyingine. Achukue ampuli ya taa ya breki, alehemu nyaya mbili kwenye uzi wa 21W. Hiyo ni taa ya kupimia, kila fundi anapaswa kuwa nayo mfukoni. Aichomeke mahali pa fyuzi, upande huu na upande ule. Afungue ufunguo, awashe taa ya kulia. Kama waya wa moto umegusa chuma mahali, taa ya kupimia itang'aa kwa nguvu zote, lakini hakuna kitakachoungua kwa sababu ampuli yenyewe inazuia umeme usipite ampea 2. Sasa aiache hivyo na aanze kuchezesha nyaya: shingoni, chini ya kiti, pale waya unapoingia kwenye shina la taa ya kona. Akigusa penye ugonjwa, mwanga utafifia au kucheza ghafla. Kama haoni mabadiliko, achomoe taa ya kulia ya mbele kwenye kiungo chake, bado inang'aa? Achomoe ya nyuma. Itakapofifia, ugonjwa uko upande alioutenga.

Kwa kuwa upande wa kushoto ni mzima na wa kulia ndio unaokata, rele ya kupepesa na swichi ya ufunguo hazina kosa. Mimi ningeanza na shina la taa ya kulia ya nyuma. Pikipiki ikiangukia upande huo shina linajipinda, na waya unabanwa kati ya shina na madigadi. Mara nyingi utaona alama ya kubanwa, plastiki ya waya imepasuka kwa urefu wa punje ya mchele na shaba inaonekana.

Kijana wa Himbi

Wakubwa mnajitesa. Toeni ampuli zote za zamani, wekeni LED mbele na nyuma, mambo yamekwisha. Mimi nimeweka, mwanga ni mweupe kama mchana. Tatizo dogo tu: nikiwasha taa ya kona zinawaka zote nne.

Fundi wa Katindo (mwenye uzi)

Mdogo wangu, LED sina ugomvi nayo. Inakula umeme kidogo, na kwenye taa ya nyuma nawashauri watu waiweke. Ila haiponyi masi iliyooza, inaificha tu kwa sababu haina njaa.

Taa zako nne nakueleza. Kwenye dashibodi yako kuna kitaa kimoja tu cha kuonyesha kona, kimeungwa kati ya waya wa kushoto na waya wa kulia. Ukiwasha kulia, umeme kidogo unapita kwenye kitaa hicho kwenda upande wa kushoto kutafuta masi. Ampuli za kawaida za 10W haziwaki kwa umeme mdogo hivyo. LED zinawaka. Dawa: tenga kitaa hicho, kila upande ukilishe kwa diodi yake, na upande wa pili wa kitaa uende masi. Diodi mbili za senti chache, kazi ya nusu saa. Zikipepesa haraka mno, rele yako ni ile ya zamani inayotegemea mzigo wa ampuli. Tafuta rele ya kielektroniki. Rele hiyo ya zamani ina faida yake: ampuli moja ikiungua, mwendo wa kupepesa unabadilika na unajua mara moja.

Taa ya mbele ndiyo inayonitia wasiwasi. Kama ni ya magineto, LED ya DC itacheza au itakufa haraka, kwa kuwa umeme wa AC unageuka-geuka. Na hata kwenye betri, kioo kinachorudisha mwanga ndani ya taa ya zamani kilichongwa kwa ajili ya uzi mdogo ulio mahali maalumu. LED ya bei rahisi inatawanya mwanga kila upande: wewe unaona weupe puani mwa gurudumu, mbali huoni, na anayekuja kutoka Sake unampofusha. Isimamishe usiku mbele ya ukuta, mita kama 5, utazame. Mwanga mfupi unatakiwa kushuka chini ya usawa wa taa yenyewe. Ukipanda juu, rudisha ampuli.

Mzee wa Bagira

Fundi, nina ya 6V, taa zote ni za magineto, hakuna regulata kabisa. Nikibadilisha mwanga mrefu kwenda mfupi, ya nyuma inaungua. Hiyo nayo ni masi?

Fundi wa Katindo (mwenye uzi)

Shikamoo mzee. Hapana, hiyo ni swichi ya mkononi. Kwenye pikipiki kama yako, mzigo wa ampuli ndio unaozuia volti zisipande. Swichi nzima ya kubadilisha mwanga inashika upande mpya kabla ya kuachia wa zamani. Ikichakaa, katikati panakuwa na nukta ambapo taa ya mbele imezimika kabisa, na umeme wote wa koili unaiangukia ampuli ndogo ya nyuma. Inakufa palepale. Ifungue, osha kwa esansi, sugua vile vidole vya shaba, vikunje kidogo vikaze. Kwa sababu hiyohiyo usiweke ampuli ya mbele ya 15W mahali pa 25W ukidhani unabana matumizi. Multimita ya AC ya bei nafuu kwenye pikipiki hii isome kama dalili tu, mawimbi ya magineto hayajanyooka.

Motari wa Kadutu

Papa fundi, nimepima. Betri injini ikiwaka: 15.8. Mwili wa regulata na kichwa hasi: 1.3! Imefungwa juu ya rangi mpya ya kijani, waya wake wa masi umekatika ndani ya plastiki, kwa nje unaonekana mzima. Nimesugua, nimetoa waya mpya mpaka betri. Sasa inasoma 14.2 hata nikikaza. Regulata sikununua.

Fundi wa Katindo (mwenye uzi)

Safi sana ndugu yangu! Bado kazi kidogo. Betri iliyochemshwa hivyo inahitaji maji ya betri mpaka mstari wa juu. Usiongeze asidi, asidi haikupotea, maji ndiyo yaliyopotea. Fuata mrija wa pumzi wa betri uone unamwagia wapi, maana asidi ikidondokea mnyororo au waya wa taa ya nyuma inakula polepole. Tembea nayo kutwa, ilaze usiku, asubuhi pima kabla ya kuwasha. Ikisoma 12.6, iko salama. Ikisoma chini ya 12.4, betri imechoka na utahitaji nyingine. Andika namba hiyo hapa.